Kiingereza Chenu Kitawafikisha Uwanja wa Ndege Tu

Mwenyekiti, walimu, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, na ninyi wadogo zangu mnaoondoka mwezi ujao kwenda Ireland, hamjambo.

Kabla sijaanza, naomba wenye A ya Kiingereza wanyooshe mikono. Naona ni karibu ukumbi mzima. Haya, shusheni. Mimi nami nilikuwa nayo. Niliiweka kwenye bahasha pamoja na cheti cha kuzaliwa, nikaona nusu ya safari imeshaisha. Kiingereza kile kilinivusha salama mpaka mbele ya afisa uhamiaji pale uwanja wa ndege wa Dublin. Jioni ya siku hiyohiyo, mjini Galway, kikafa.

Aliyekiua ni mama mwenye nyumba. Alinipokea mlangoni nikiwa nimelowa chapachapa, akanionyesha chumba, akaniambia taulo ziko kwenye "hot press". Nikatafuta mashine. Nilizunguka korido nzima nikitafuta kitu cha moto kinachobana, mpaka akaja mwenyewe akafungua kabati lililojengwa kuzunguka tangi la maji ya moto, mahali wanapowekea nguo zipate joto. Kwao kabati ni "press", basi. Baadaye akaniita kutoka chini ya ngazi: "I'm after making tea." Kwa sarufi niliyofundishwa, nilielewa kwamba chai anaitaka, anaitafuta, hajaitengeneza. Nikakaa kitandani kwa adabu nimsubiri amalize. Chai ikapoa. Kumbe alichosema ni "nimetoka kutengeneza chai", sentensi ambayo mtoto yeyote wa Temeke angeielewa kama angeambiwa kwa Kiswahili.

Nimeombwa niwatambulishe nchi na watu wake, na mratibu alitaka nianze na ramani na hali ya hewa. Atanisamehe. Nitaanza na hiyo chai iliyopoa, kwa sababu nilichokuja kujua kuhusu watu wale, karibu chote, nilikijua kupitia mlango huo: Kiingereza cha Waairishi kimelala juu ya lugha nyingine, yaani Kiairishi, lugha yao ya asili, na lugha hiyo haijafa vizuri. Inapumua chini yake. Ukiisikiliza kwa masikio ya Kiingereza cha darasani utadhani wanakosea. Ukiisikiliza kwa masikio ya Kiswahili, mara nyingi utajiona uko nyumbani.

Chukueni mfano mdogo. Sote tulifundishwa kwamba Kiingereza kina "you" moja tu, awe mtu mmoja au umati. Mswahili huwa anahisi hapo pana tundu, maana sisi tuna wewe na tuna ninyi. Waairishi nao walihisi tundu hilo, wakaliziba: utasikia "ye" huko magharibi, na "yous" ukifika Dublin. Ni ninyi. Usiwasahihishe.

Mfano mwingine. Kiairishi hakina neno moja la "ndiyo" wala neno moja la "hapana". Ukiulizwa swali unarudisha kitenzi chenyewe: Umekula? Nimekula. Utakuja? Sitakuja. Tabia hiyo wameihamishia kwenye Kiingereza chao, kiasi kwamba ukimuuliza mzee kama amemwona fulani, atakujibu "I did" au "I did not", na "yes" usiisikie mchana kutwa. Na katika Kiairishi huzuni haiwi ndani yako; inakuwa juu yako. Husemi "mimi ni mwenye huzuni", unasema huzuni iko juu yangu, njaa iko juu yangu. Mtu wa kwetu anayesema ameshikwa na njaa au ameingiwa na huzuni hahitaji kufafanuliwa sana. Hali inakuja, inakukalia, kisha inaondoka.

Sasa, lugha hiyo ilikwenda wapi? Hapa ndipo penye historia, na msiipite haraka, maana wao hawaipiti haraka.

Ireland ilitawaliwa na Uingereza kwa karne nyingi. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu ulishambulia viazi. Maskini wa kule walikuwa wanategemea viazi kuliko hata sisi tunavyotegemea ugali, kwa sababu ardhi nzuri ilikuwa ya mabwana na mwenye kijikonde kidogo hakuwa na zao jingine la kumshibisha. Njaa ile, ambayo kwa Kiairishi wanaiita An Gorta Mór, yaani Njaa Kuu, iliendelea mpaka mwaka 1852 hivi. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli kwenda Marekani, Kanada, Uingereza. Wakati huohuo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa bandarini kwenda kuuzwa Uingereza. Jambo hilo la mwisho ndilo watakalokuambia kwa sauti ya chini, wakitazama pembeni.

Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8 katika kisiwa kizima. Leo, ukijumlisha Jamhuri na Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, ni kama milioni 7. Nchi gani nyingine mnayoijua ambayo ina watu wachache kuliko ilivyokuwa nao karibu miaka 200 iliyopita? Jamhuri peke yake ilivuka tena milioni 5 kwenye sensa ya mwaka 2022, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1851, na ilikuwa habari kubwa magazetini. Chuo nilichosoma mimi, ambacho sasa kinaitwa Chuo Kikuu cha Galway, kilianzishwa mwaka 1845 na kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1849. Hesabuni wenyewe: mawe ya jengo lile zuri la zamani, ambalo kila mwanafunzi hupiga picha mbele yake, yalipangwa katika miaka ya njaa. Mimi nilipita pale mwaka mzima bila kujua.

Waliokufa na walioondoka, wengi walikuwa ndio wasemaji wa Kiairishi. Na shuleni kulikuwa na kijiti. Nilikisikia mara ya kwanza kwa mhadhiri mmoja, tukiwa tunakunywa chai baada ya semina. Aliniuliza nilijifunzaje Kiingereza, nami nikamsimulia, huku nikicheka, habari ya kile kibao tulichovalishwa shingoni pale shuleni mtu akikamatwa anasema Kiswahili. Unakivaa mpaka umnase mwenzako, na jioni wa mwisho kuwa nacho anachapwa. Naona wengine mnacheka, kwa hiyo mnakijua. Yeye hakucheka. Akaniambia kwao kiliitwa "bata scóir", kijiti cha kuhesabia. Mtoto alining'inizwa kijiti shingoni, kila akitamka neno la Kiairishi kinakatwa alama moja, na mwisho wa siku anachapwa kwa hesabu ya alama. Tulikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza swali ambalo hadi leo sijalipatia jibu zuri: "Na ninyi mlipopata uhuru, kwa nini mliacha kibao hicho kiendelee?"

Leo katiba yao ya mwaka 1937 inasema Kiairishi ndicho lugha rasmi ya kwanza. Vibao vya barabarani vina lugha mbili, watoto wote wanakisoma shuleni, na wengi wanamaliza shule wakiwa hawawezi kuagiza chai kwacho. Lakini ukipanda basi kutoka Galway kuelekea magharibi, Connemara, utafika vijiji ambako bado wanakisema dukani na kanisani. Nendeni. Jifunzeni salamu mbili tatu. Sijaona kitu kinachomlainisha Mwairishi kama Mwafrika anayemsalimu kwa lugha ambayo yeye mwenyewe anaona aibu kuwa ameisahau.

Nije kwenye adabu, maana hapo ndipo wengi hujikwaa.

Wenyeji wa Ireland hawasemi jambo moja kwa moja. Wanazunguka. Wana neno "grand", ambalo vitabu vitawaambia ni "adhimu" au "fahari". Kule halina fahari yoyote. Ukiulizwa hali, wewe ni "grand". Ukimwaga maziwa ya mtu, "you're grand", yaani usijali. Ukikaribishwa kitu hukitaki, "I'm grand". Na mtu akiwa amefukuzwa kazi jana, nyumba inavuja na mke hasemi naye, naye ni "grand", ila sauti inashuka mwishoni. Hiyo sauti ndiyo mtakayojifunza kuisikia. Mtu wa pwani ya kwetu, anayejibu "sijambo" akiwa na homa ya kumlaza, ana mwanzo mzuri.

Ukikaribishwa chai, huikubali papo hapo. Unakataa. Anakubembeleza. Unakataa tena, kidogo. Anasema atakuwekea tone tu. Hapo unakubali, na tone hilo linakuja birika zima, na biskuti aina tatu. Rafiki yangu aliyesoma Uingereza alinionya kwamba kule ukisema hapana umelala njaa. Ireland hapana ya kwanza haihesabiwi. Chai yenyewe ni nzito, ya maziwa, na majani yake mengi yanatoka Kenya na maeneo mengine ya kwetu Afrika Mashariki. Ireland ni miongoni mwa mataifa yanayokunywa chai nyingi zaidi duniani kwa kila kichwa. Kwa hiyo mtakapoanza kulilia nyumbani, angalieni ndani ya kikombe.

Mambo mengine nitayataja mbiombio. Mkishuka kwenye basi mshukuruni dereva, kila mtu anafanya hivyo, hata wahuni. Baa za kule ni sebule ya kijiji. Unaweza kukaa na soda usiku kucha na hakuna wa kukuuliza, lakini jueni kwamba watu hununuliana kwa zamu, na ukikubali glasi moja, hata ya maji ya machungwa, umeingia kwenye zamu na zamu yako itafika. Kama mfuko hauruhusu, sema mapema kwamba wewe unajinunulia. Na jua: mwezi wa Desemba, Galway linachomoza saa tatu kasoro asubuhi na saa kumi na dakika ishirini limezama. Juni linazama saa nne usiku. Saa yetu ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza, kule inachanganyikiwa kabisa, na Waislamu mtakaokutana na Ramadhani ya kiangazi huko mbeleni mtanikumbuka.

Mvua sitaiongelea. Nunueni koti kule kule, msinunue hapa.

Lakini kuna siku moja lazima niisimulie. Mwaka wangu wa pili, kaka yake mama mwenye nyumba alifariki kijijini. Taarifa ilisomwa kwenye redio ya eneo lile, jina la marehemu, jamaa aliowaacha, saa ya maziko, vilevile kama Redio Tanzania ilivyokuwa ikisoma matangazo ya vifo tukiwa watoto, na watu wakazima mazungumzo wasikilize. Nikaomba niende. Nilihofia nitakuwa mgeni asiyetakiwa. Tulipofika, majirani walikuwa wamesimama barabarani na makoti yanayong'aa wakielekeza magari. Ndani ya nyumba jeneza lilikuwa wazi sebuleni, marehemu kavalishwa suti, jamaa wameketi kwa mstari, na watu wanapita mmoja mmoja wakishikana nao mikono. Jikoni kina mama kutoka nyumba za jirani walikuwa wameshika kazi yote, mikate imekatwa, chai inachemka bila kuzimwa. Wafiwa hawakunyanyua hata kikombe. Mezani watu walikuwa wakimsimulia marehemu, na wakicheka. Nikasema moyoni, hii ni matanga.

Nikiwa kwenye foleni nilianza kutokwa jasho kwa sababu moja tu: nitasema nini? Tangu nifike nilikuwa nikiteseka kwa kukosa neno "pole". Mnajua ninachosema. Mtu akijikwaa, akirudi kazini amechoka, akifiwa, sisi tuna neno, na neno hilo si kuomba radhi. Yule rafiki yangu wa Uingereza alikuwa akisema "sorry" kila mtu anapoangusha kitu, nao wanamjibu, kwa mshangao, kwamba si kosa lake. Basi nikatega sikio kwa waliokuwa mbele yangu. Wote, mzee kwa kijana, walikuwa wakishika mkono na kusema sentensi ileile moja: "Sorry for your trouble." Hawaongezi kitu. Hawatafuti maneno ya kipekee. Ni fomula, kama yetu, na Kiairishi nacho kina fomula hiyohiyo. Zamu yangu ikafika, nikamshika mkono yule mama, nikaitamka. Yeye akanijibu jina langu tu, akaushikilia mkono wangu muda mrefu kuliko alivyowashika wengine.

Tangu siku hiyo aliacha kuniita mpangaji mbele ya watu.

Wazazi hapa watataka kujua juu ya rangi ya ngozi, na sitawaficha. Mtaulizwa sana mnatoka wapi. Msikasirike upesi, kwa sababu Waairishi wanaulizana hivyo wao kwa wao. Mtu wa Galway hawezi kutulia mpaka ajue wewe ni wa kaunti gani na kama binamu yake anamjua binamu yako. Ila kuna kuuliza kwa namna nyingine, anayekuuliza mara ya pili na ya tatu "hasa unatoka wapi", na hiyo mtaitambua wenyewe. Niliwahi kutukanwa barabarani usiku. Mwezi Novemba mwaka 2023 katikati ya Dublin kulitokea ghasia, magari yakachomwa moto, na wageni wengi walifunga milango siku kadhaa. Ni nchi iliyozoea kutoa wahamiaji, na kwa kuwapokea haina muda mrefu.

Na ni nchi hiyohiyo ambayo mwaka 1984 msichana wa duka moja la Dublin, Mary Manning, alikataa kumpigia mteja hesabu ya balungi kwa sababu lilitoka Afrika Kusini ya makaburu. Akasimamishwa kazi, wenzake wakatoka naye nje, wakagoma karibu miaka mitatu, wengine wakiwa hawana hata kodi ya nyumba, mpaka serikali ikapiga marufuku mazao ya Afrika Kusini mwaka 1987. Watu hao hawakuwa wasomi. Rafiki yangu mmoja wa Lubumbashi tuliyesoma naye alikuwa na mtu wake wa kumtaja pia: Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Kongo na ambaye ripoti yake ya mwaka 1904 iliuonyesha ulimwengu jinsi watu walivyokuwa wakiuawa na kukatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1916 Waingereza hao hao walimnyonga kwa kuwatafutia Waairishi silaha za kupigania uhuru. Rafiki yangu alikuwa akisema yeye na Waairishi wana marehemu mmoja.

Hata hivyo msiwe wepesi wa kukubali kila mtu anayewaambia "na sisi tulitawaliwa". Ni kweli walitawaliwa. Ni kweli pia kwamba Waairishi wengi walivaa sare za dola ya Kiingereza wakaenda kutawala wengine. Wenye busara kule wanayajua yote mawili.

Nimeonyeshwa saa. Basi ya fedha na karatasi kwa kifupi: visa ya mwanafunzi inaruhusu kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo na 40 katika likizo zilizotajwa, kwa hiyo msiwaahidi ndugu kwamba mtatuma fedha kuanzia mwezi wa kwanza. Kadi ya ukaazi wakati wangu ilikuwa euro 300. Vyumba ni adimu na ghali, Dublin zaidi. Msimtumie mtu fedha ya chumba ambacho hakuna mnayemwamini aliyekiona kwa macho. Na visa yenu ni ya Jamhuri, yenye kaunti 26. Zile 6 za Kaskazini ziko chini ya Uingereza. Mpakani hakuna kizuizi wala askari, basi linapita tu, na ndivyo wanafunzi wanavyojikuta Belfast bila kibali. Na tafadhali, Mwairishi msimwite Mwingereza. Hata kwa utani.

Likizo yangu ya mwisho nilimpelekea mama yule majani ya chai ya Mufindi, paketi nne. Akaitengeneza mbele yangu, akaiacha iive, akatia maziwa, akanywa akitazama dirishani kwenye mvua. Akasema, "That's grand." Sauti haikupanda wala haikushuka. Nilikuwa nimekaa naye miaka minne na sikuweza kujua kama ameipenda. Asubuhi ya kuondoka nilifungua ile "hot press" nichukue taulo, nikazikuta paketi tatu zimepangwa juu kabisa, pakavu, nyuma ya shuka zake nzuri.

Naambiwa kuna chai huko nyuma ya ukumbi. Mkikaribishwa, kataeni mara mbili tu.